Barafu Isiyo na Moyo Mweupe

Ulikuwepo. Usiniulize wapi. Ulisimama makaburini Lihangule siku tuliyomzika baba yangu, Gervas Ngonyani, karibu kabisa na rundo la udongo mwekundu, na Yudita Balama aliposema neno lake wewe ukainamia viatu vyako kana kwamba hujawahi kuviona. Nilikuona. Mimi sisahau nani alitazama wapi. Na kama hukuwepo mwenyewe, basi alikuwepo wa kwenu, akarudi nyumbani akakusimulia, ukaguna "mh," ukaomba chumvi.

Kesho asubuhi tunaanua matanga. Nitaulizwa swali moja mbele ya watu, na jibu langu litaamua watoto wa nani watapita getini na watoto wa nani watabaki nje. Kwa hiyo kabla ya kesho nataka ukumbuke yote, tusije tukadanganyana.

Yudita ni Mhehe, sisi ni Wangoni. Mababu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wataniane. Ndiyo maana kwenye msiba wetu Mhehe ana haki zake: anaweza kulala kaburini akagoma kutoka, anaweza kututukana machozi yakiwa bado mashavuni, na hakuna wa kumkasirikia. Siku ile alikuja amevaa koti la kaki la baba, lile lenye kiraka begani, na mkongojo wa baba mkononi. Akatembea kama baba, mguu wa kushoto ukiburuzwa. Watu wakaanza kucheka hata kabla hajafika.

"Nyie wala panya!" akapaza sauti. "Mbona mnanizika haraka hivi? Mnaogopa nitaamka nimalize ugali wa msiba?"

"Mla mbwa wewe!" akajibu binamu yangu Xaveri. "Ondoka hapo kaburini kabla hujambwekea marehemu!"

Kicheko. Hata katekista alificha mdomo kwa kitabu chake cha sala. Juu ya nguzo ya uzio, sikio la Ofisi, kile chombo chake cha kunasia maneno, lilikuwa limefungwa kitambaa cheupe, kama sheria inavyoruhusu watani wakiingia msibani. Masikio hayo unayajua. Yako sokoni, yako kisimani, yako nje ya dirisha lako. Mtu akitamka "fulani ni mwizi," basi sikio halitulii mpaka lijue fulani ni wa kaya gani.

Yudita akaketi ukingoni mwa kaburi. Akanyoosha mkono unaotetemeka, mkono wa baba mtupu, wa ile miezi ya mwisho alipokuwa anaungua mifupani na hakuna dawa iliyomfaa.

"Otmar, mwanangu," akasema kwa sauti ya baba. "Niletee barafu. Siyo ile ya sokoni yenye moyo mweupe. Niletee ile yangu. Ile ninayoweza kukuona usoni kupitia ndani yake."

Watu wakacheka tena, maana ni kweli baba alikuwa akiomba hivyo. Yudita akajifanya amepokea kipande, akakitia mdomoni, akafumba macho.

"Tamu," akasema. "Baridi ya hospitali ni tamu jamani. Mwambieni Vumilia binti Balama anisamehe. Hii ninayonyonya ni damu yake."

Kicheko kilikatika kama kamba. Otmar, mdogo wangu, aliyekuwa ameshika beleshi, aliliachia likaanguka juu ya jeneza, na mlio ule bado ninao masikioni. Kitambaa kule juu ya nguzo kilikuwa palepale. Lakini chini yake, taa ndogo ya kijani iligeuka manjano: neno limenaswa.

Hapo ndipo ulipotazama viatu.

*

Nani asiyemjua Vumilia? Alikuwa binti wa Yudita, akiuza vitumbua karibu na zahanati, mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi wa kuongeza kimoja kwa mtoto. Alikwenda kujifungua zahanati hiyohiyo. Mtoto akatoka salama, damu ikagoma kukoma. Mkunga akakimbilia kabati la damu, akakuta mifuko imejaa, na yote imeharibika. Tofali la baridi lilikuwa limeng'olewa chini ya kabati, zikabaki skrubu tu. Vumilia akafa akiitazama mifuko ile ikining'inia.

Tofali la baridi halihitaji umeme. Unaliweka chini ya kitu, linavuta joto la kitu hicho na kulitema ardhini. Kazi yake ni ya polepole, kutoka chini kwenda juu, na ndiyo sababu maji yanayoganda juu yake yanapata muda wa kusukuma hewa yote nje. Barafu ya majokofu ya sokoni ina moyo mweupe, umeiona tangu utoto. Ya tofali haina. Inakuwa kama kioo. Lihangule nzima kulikuwa na tofali moja tu, na lilikuwa la zahanati.

Sasa niambie. Wiki ileile tuliyomzika Vumilia, kibanda cha Otmar kilipoanza kutoa juisi ya ukwaju yenye vipande ambavyo mtu anamwona mwenzake upande wa pili, wewe ulidhani vimetoka wapi? Ulidhani mbinguni kumeanguka mvua ya mawe?

Ulikunywa. Ulisema, "Otmar, siku hizi umejipanga." Mwenyekiti wa mtaa alikunywa. Katekista alitumwa akanunua za kipaimara. Mimi nilimwuliza Otmar mara moja, akanijibu kaipata Songea kwa rafiki yake, nikafunga mdomo kwa sababu baba alikuwa amelala kwa mara ya kwanza bila kulia. Sijitoi.

*

Siku ya pili ya matanga alikuja afisa wa Ofisi ya Amani ya Kaya. Mwinuka, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusema "pole" kabla ya kila kitu. Akaweka kisanduku chake cha kumbukumbu juu ya jamvi, katikati ya akina mama waliokuwa wakichambua mchele, nao wakaanza kuondoka mmoja mmoja, huyu kakumbuka mtoto, yule kakumbuka jiko.

"Pole, Mama Leonsia," akasema. "Kuna neno lilitamkwa makaburini. Kwa mujibu wa Msamaha wa Utani—"

"Usinisomee," nikamkata. "Msamaha huo niliudai mimi. Nilikaa kwenye vumbi mbele ya ofisi yenu mpaka mkaona aibu. Wewe ulikuwa bado unafundishwa kufunga kamba za viatu."

Akatabasamu. "Ndiyo maana tunakuheshimu."

Nilidai, na sababu naikumbuka. Mzee Komba alikuwa harusini, mtani wake akamwita mwizi wa mbuzi, watu wakapiga vigelegele. Sikio likasikia. Kufika Jumatatu kaya nzima ya Komba ikawa na doa. Wajukuu wake walifika geti la shule, wakanyoosha mikono ili geti lisome punje iliyo chini ya ngozi, na geti likasita. Ndivyo linavyofanya: halikufukuzi, linasita, kwa muda wa kutosha kila aliye nyuma yako kwenye foleni akuone. Kisha linafunguka nusu. Wale watoto walipita nusu-geti mwaka mzima, mpaka Mzee Komba akahamisha watu wake ng'ambo ya mto ambako hakuna mageti wala shule.

Na ukutani mwa Ofisi wameandika kwa rangi ya bluu: SAMAKI MMOJA AKIOZA, WOTE WAMEOZA. Wametuokotea methali ya bibi zetu wakaifanya sheria. Nilishawaambia, samaki hana dada.

"Basi unajua utaratibu," Mwinuka akasema. "Siku ya kuanua matanga nitauliza mbele ya watu: Ilikuwa utani? Ukisema ndiyo, neno limekufa, na halitarudi kuwa shtaka milele. Ukisema hapana, linakuwa shtaka. Likithibitika, doa kwenu. Lisipothibitika, doa kwa aliyelitamka, yaani kaya ya Balama."

"Balama wamebaki nani?"

"Mama huyo." Akatazama kisanduku. "Na mtoto mchanga. Wa marehemu."

Binti yangu Leonsia akaingia na sinia. Tulikuwa bado na juisi ya msiba kwenye kasha la Otmar la kutunzia barafu, akamwekea mgeni glasi, adabu ni adabu. Mwinuka akaiinua. Akaigeuza taratibu kwenye mwanga wa mlango, kipande cha barafu kikaelea ndani, na nikamwona anavyonitazama kupitia humohumo. Nikangoja. Nilisema moyoni, huyu sasa atasema kitu, hii ndiyo kazi yake.

Akainywa yote. Kisha akaitafuna barafu.

"Wewe ndiye unayekwenda chuo cha wakunga?" akamwuliza Leonsia.

"Ndiyo, shikamoo. Mwezi ujao."

"Marahaba. Geti la chuo kile ni kali." Akafunga kisanduku. "Pole kwa msiba, Mama Leonsia. Jibu vizuri."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitisha au ananihurumia. Ofisi huwafundisha sauti moja kwa yote mawili.

*

Nilimkuta Otmar kibandani, anaosha glasi ambazo tayari zilikuwa safi.

"Liko wapi?" nikamwuliza.

"Dada Osi, punguza sauti."

"Liko wapi, Otmar?"

"Chooni. Nililitumbukiza jioni ya mazishi. Limekufa." Akaendelea kuosha. "Barafu iliyobaki ikiyeyuka hakuna ushahidi wowote. Wewe sema utani, yaishe."

Nilikaa kwenye kreti. Nilimlea huyu. Mama alipofariki alikuwa hajaota meno ya mbele, na nilimtafunia ugali. Nikamtazama nikijiuliza ni lini alianza kuwa mtu ambaye siwezi kusoma uso wake.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Wewe ndiye uliyekuwa unamshika baba miguu asijipige ukutani. Nilikwenda kuomba kule, wakaniambia baridi ni ya damu tu. Nikaona kabati la nyuma. Nikadhani ni la akiba. Naapa kwa kaburi lile, sikujua."

"Na Vumilia alipokufa, ulijua?"

Akachukua glasi nyingine, akaanza kuisugua.

"Ulipojua, ulilirudisha?"

"Ningelirudishaje? Pale mlangoni kuna sikio, ndani kuna sikio. Ningesema 'nimeleta mali yenu,' na Leonsia je? Na watoto wa Xaveri? Wako kwenye kaya yetu!" Akaigonga meza kwa kiganja. "Ningekuwa peke yangu duniani ningekwenda siku ileile, nikapiga magoti mbele ya Mama Balama, wanifunge, waninyonge. Lakini nani atanifunga mimi? Sheria ile haina mlango wa mtu mmoja. Ukiingia unaingia na ukoo."

"Kwa hiyo ukaanza kuuza juisi."

Hapo akanitazama kwa mara ya kwanza. "Watu walikuja wenyewe. Walimwona baba ana barafu. Ningewanyima wangeuliza kwa nini."

Nilitaka kumwamini kwamba angepiga magoti. Nilitaka sana. Lakini nilikumbuka alivyokuwa akifurahi foleni ikifika barabarani, anavyowaita wateja kwa majina, na nikashindwa kujua ni Otmar yupi anayeongea. Ndivyo tulivyofikishwa. Mama mmoja mtaa wa juu, humkumbuki? Alimkana mwanawe getini kwa maneno matatu yaliyotungwa na Ofisi, ili wadogo zake wapite. Mwingine alimficha wa kwake darini mpaka akapata kikohozi. Masikio kila nguzo, na wezi wameongezeka, kwa sababu kila nyumba imegeuka kufuli ya mwizi wake. Mke anamnusa mume viganja akirudi. Kaka anapekua mkoba wa dada. Na hiyo wanaiita amani.

*

Kwa Yudita nilikwenda mchana, jua la utosi, ili atakayeniona anione vizuri. Alikuwa anatwanga, mjukuu mgongoni.

"Kamwene, mla panya," akasema bila kugeuka.

"Kamwene, mla mbwa. Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Ila pale kwenye nguzo, ule mnazi wa chuma, kuna sikio, kwa hiyo uliza kiutani."

Nikachukua mchi wa pili. Tukatwanga pamoja, kwa zamu, maana kinu kinapolia sikio halipati neno. Hiyo wanawake wote wa Lihangule wanajua, na hakuna aliyewahi kumwambia mwanamume.

"Nani kakuambia?" nikauliza kati ya mapigo.

"Hakuna. Nilikuja kumjulia hali baba yako, akanipa kipande nitie mdomoni. Nikakitazama. Nikamtazama. Akaanza kulia, yule mzee. Alijua, Osmunda. Alikuwa ananyonya na kulia."

Nilikosa pigo. Mchi wangu ukagonga ukingo.

"Kwa nini hukwenda Ofisini?"

"Nikaseme nini? Waweke doa kwa Leonsia? Leonsia ndiye aliyemshika Vumilia mkono usiku ule, akijitolea pale zahanati, hajaanza hata chuo. Nimlipe hivyo?" Akatwanga. "Na ningenyamaza, Otmar angeniuzia juisi mpaka nife, ananiita shangazi. Nikatafuta pa kulisemea. Mahali pekee duniani ambapo mtu anaweza kusema ukweli siku hizi ni ndani ya koti la marehemu."

"Ulinitega."

"Nilikutwika mzigo kichwani. Mimi nilishabeba, nikazika. Sasa zamu yako."

"Yudita, nikisema hapana na asipatikane shahidi, doa linakuja hapa. Kwa huyo." Nikamwonyesha mtoto kwa kidevu. Alikuwa amelala, mkono mdogo umening'inia, na kwenye kiganja kovu la punje lilikuwa bado jekundu.

"Najua. Unadhani sikuhesabu kabla sijavaa lile koti?"

"Na nikisema utani?"

Akaacha kutwanga. Kimya kile kilinitisha, kwa sababu ya nguzo. Akaniinamia sikioni.

"Ukisema utani, mwanangu alikufa kwa kichekesho. Na wewe na mimi hatutataniana tena, maana nitakuwa siwezi kucheka."

Kisha akapaza sauti kwa ajili ya nguzo, "Haya ondoka, mla panya, umenimwagia mahindi!" Nikaondoka nikiwa sijui kama nimeagwa au nimefukuzwa.

*

Nyumbani nilimkuta Leonsia ameketi mlangoni, sanduku lake la chuo kando, limefungwa. Alikuwa amesikia kila kitu kwa mjomba wake.

"Mama, utajibu nini?"

"Ninakutazama wewe."

"Usinitazame mimi." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Usinifanye kufuli. Nikipita geti la chuo kwa uongo ule, halafu siku moja nishike mfuko wa damu, nitafanyaje? Nitaona nini ndani yake?"

"Na usipopita?"

"Sitapita." Akaanza kulia, akajikaza. "Ila usiseme umefanya kwa ajili yangu."

Nikakaa kando yake. Nimepiga kelele mbele ya ofisi za watu maisha yangu yote, nikakamatwa, nikaachiwa, nikajisomea sheria zao mwenyewe mpaka wakawa wananiogopa, na siku ile sikuwa na neno. Kwa hiyo nikafanya ninachojua kufanya. Nikakumbuka.

Nikakumbuka mkutano ulioitishwa kuhusu doa la Mzee Komba. Mhandisi wa Ofisi alikuja kutoka makao makuu, kijana mwenye miwani, kutueleza jinsi geti linavyofikiri. Alisema geti halijui mema wala mabaya, linalinganisha tu: kaya yenye doa na kaya zinazoizunguka. Tena alisema doa si la mwizi peke yake, linamfuata pia aliyekula cha wizi akijua, kama atakiri au kutajwa. Mimi nikanyoosha mkono. Nikamwuliza, "Je, mji mzima ukiwa na doa?"

Watu walicheka. Yeye pia alicheka. Alisema, "Mama, hapo geti litakosa wa kulinganisha naye. Litafunguka tu kwa kila mtu, kama kuku aliyelewa. Lakini hilo haliwezi kutokea. Nani atakiri?"

Nani atakiri. Alitujua, kijana yule. Mashine nzima ameijenga juu ya viatu vyako.

*

Basi sikiliza nitakachofanya. Kesho Mwinuka ataweka kisanduku chake juu ya jamvi. Ataniuliza: ilikuwa utani? Nitasema hapana.

Nimeshamwambia Otmar. Alinitukana, akalia, kisha akasema atasimama kando yangu. Labda atasimama. Labda alfajiri nitakuta kibanda wazi na yeye hayupo. Sikuulizi unaamini lipi, mimi mwenyewe sijui. Na sitangoja kujua. Iwe yupo au hayupo, nitalitaja jina lake mbele ya Yudita, kwa sababu mwizi ni Otmar. Si Leonsia. Si watoto wa Xaveri, ambao kosa lao ni kuwa ukoo mmoja naye.

Lakini tofali liko chooni, na barafu imeyeyuka. Ushahidi uliobaki uko mdomoni mwako. Ukinyamaza kesho na Otmar akiwa ametoroka, shtaka halitathibitika, na doa litakwenda kwa mtoto wa Vumilia. Hebu lifikirie hilo bila kuinama. Tulimwibia mama yake damu, tukainywa na ukwaju, na sasa yeye ndiye atakayepita nusu-geti maisha yake yote, eti bibi yake alisingizia watu wema.

Na tukikiri mimi na Otmar peke yetu na shtaka likathibitika, doa litanimeza mimi na mwanangu, Ofisi itapiga muhuri, na wewe utaendelea kumnusa mumeo viganja.

Tukisimama wote, je? Mwenyekiti aseme, nilikunywa. Katekista aseme, nilinunua za kipaimara. Xaveri aseme. Wewe useme. Na nitamgeukia Mwinuka mwenyewe mbele ya kisanduku chake nimwulize alitafuna nini siku ile mlangoni kwangu, na mwanangu ni shahidi. Ofisi nayo ni kaya. Doa litaenea mpaka lisiwe na pa kwenda. Hapo mageti yafunguke kama kuku mlevi, na baada ya hapo tukae chini, watu na watu, tumhukumu Otmar Ngonyani kwa alichofanya Otmar Ngonyani. Ana miguu, atakwenda mwenyewe. Nitamsindikiza.

Usiniambie utafikiria. Ulishafikiria, kila ulipoinua ile glasi. Usiniambie wengine wakianza utafuata. Mwenzako naye amelala akisema hivyohivyo juu yako.

Vaa. Toka nje sasa hivi, kagonge kwa jirani, umwambie ulikunywa, umwulize yeye je. Mwende wote kwa wa tatu. Sikio likisikia, acha lisikie, ndilo tunalolitaka. Na asubuhi mje uani kwa Ngonyani kabla jamvi halijatandikwa, msimame upande wa Yudita, mmtazame yule mtoto usoni.

Usoni, nimesema. Viatu acha mlangoni.